Radhina, kwa wingi

Kofia kumi na moja, kila moja kwa shilingi 6,500. Mchuuzi alizipokea mlangoni kwangu hapa Langoni asubuhi moja, akazipachika moja juu ya nyingine, akanipa shilingi 30,000 mkononi na kuniahidi kwamba zilizosalia nitazipata kabla ya Ramadhani. Ramadhani ikaingia, ikatoka. Idi zote mbili zikapita. Mfungo Sita ukaandama, Lamu ikajaa wageni wa Maulidi, na mimi bado nangoja shilingi 41,500 zangu.

Wanaovaa kofia ya vito wanaijua kwa nje. Niwaeleze ya ndani. Ni nguo nyeupe ya tabaka mbili, ukanda wa kuzunguka kichwa na duara la juu, na nakshi yake huchorwa kwanza kwa penseli, hafifu sana, ili alama isibaki ikifuliwa. Kisha kila kitundu hutobolewa kwa sindano nene, kimoja kimoja, na kuzungushiwa uzi mpaka mdomo wake ukaze. Nikiwa mtoto nilijaribu kuvihesabu vitundu vya kofia ya baba, usingizi ukanichukua katikati ya hesabu. Uzi ukivutwa sana nguo hukunjamana, ukilegezwa kitundu hufumba. Mkono wangu umekizoea kipimo hicho kwa miaka ishirini na sita, na hata hivyo kofia moja hunichukua mwezi na nusu, kwa kuwa nashona nikishamaliza kupika na kuwalaza watoto, macho yakiwa bado yana nguvu. Kwa hiyo kofia kumi na moja ni zaidi ya mwaka mzima wa usiku wangu, na mtu mmoja alikuwa ameondoka nao mkobani.

Usiku mmoja wa mwezi huo wa Maulidi umeme ulikatika. Niliweka sindano, nikakaa dirishani. Msikitini walikuwa wamemaliza Isha na wanasoma Ratibu ya Haddad, dua na dhikri za kusomwa kwa pamoja, na mji ukiwa kiza, bila ya feni wala redio, sauti zilinifikia kama zimo chumbani mwangu. Wakafika pale pa kusomwa mara tatu: Radhina billahi rabba, wa bil-islami dina, wa bi Muhammadin nabiyya. Tumeridhika na Mwenyezi Mungu kuwa ndiye Mola wetu, na Uislamu kuwa dini yetu, na Muhammad kuwa Mtume wetu. Maneno hayo nayasoma tangu sijang'oa meno ya utoto. Usiku ule ulimi ulikataa. Nilifungua mdomo kuwafuata, nikajisikia muongo. Ningesema vipi nimeridhika na moyo wangu unawaka kwa ajili ya mtu mmoja na kofia zake?

Nikanyamaza mpaka walipomaliza.

Kesho yake nilikwenda kwa bibi anayetusomesha darsa wanawake wa mtaa huu. Umri wake umepita themanini, haoni vizuri, na kikao chake ni mkeka wa miyaa uliokatika pembeni. Nilimweleza yote. Hakuniuliza habari za mchuuzi kwanza. Aliniuliza, "Wao walisema nimeridhika au tumeridhika?"

Nikamjibu, "Walisema radhina, Bibi. Tumeridhika."

"Basi usiku ule walikusemea wenzako. Na wewe utawasemea wao siku watakayoshindwa."

Miaka yote niliyoisoma Ratibu sikuwahi kuuona wingi huo. Aliyeipanga, Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, Hadhramaut, alikuwa kipofu tangu udogoni kwa sababu ya ndui, na aliishi mpaka mwaka 1720. Ratibu hii aliiweka mwaka 1071 Hijria kwa kuombwa na mwanafunzi wake, watu wa kwao wakiwa na hofu juu ya dini yao, ili wawe na uradi wa kukaa pamoja na kuusoma pamoja. Haikutungwa kwa ajili ya mtu mmoja kuisoma pangoni. Tangu mwanzo ilikuwa ya kikao, na masharifu wa Kihadhrami na wanafunzi wao wakaisafirisha kwa jahazi mpaka ikafika kwetu na ikawa sauti ya mitaa yetu usiku.

Tangu siku ile nalitazama neno radhi kwa jicho jingine. Limetoka kwenye Kiarabu, lakini ukilifuata katika Kiswahili utaliona limeingia kila chumba. Mtoto hutaka radhi ya wazazi, na akiikosa tunasema hata akijenga ghorofa haitamkalia. Ukimkanyaga mtu njiani, na vichochoro vya Lamu vinavyobana, utakanyaga tu, unasema "niwie radhi". Majirani waliogombana huridhiana. Posa ikija, binti huulizwa kama ameridhia. Anayekwenda Hija huzunguka nyumba moja moja kutaka radhi kwa watu aliowakosea kwa kujua na kwa kutojua. Na bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa hana safari yoyote ila ile ya mwisho, aliagiza majirani waitwe mmoja mmoja waje kitandani kwake kumwia radhi, hata jirani aliyekuwa hasemi naye kwa ajili ya mfereji wa maji machafu. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, ndimi niliyetumwa kuwaita. Hakuna hata moja katika mambo haya mtu anaweza kulifanya peke yake chumbani. Radhi lazima iwe na wawili.

Ndivyo ilivyo katika Qurani pia. "Radhiyallahu anhum wa radhu anhu", Mwenyezi Mungu yuko radhi nao, nao wako radhi naye. Upande mmoja hautoshi. Inasimuliwa kwamba Sufyan Thauri aliomba mbele ya Bibi Rabia wa Basra, "Ewe Mola, kuwa radhi nasi," Bibi Rabia akamuuliza kama haoni haya kuomba radhi kwa ambaye yeye mwenyewe hayuko radhi naye. Bibi wa darsa alipotusimulia kisa hiki, wanawake kumi na wanne tulikuwa chumbani na hakuna aliyesema kitu kwa muda mrefu. Kila mmoja nadhani alikuwa akitafuta alichomnunia Mola wake.

Kuna neno jingine, kinaa, na lina ladha yake. Ukila halwa ya Lamu, vidole viwili vya kwanza ni utamu, cha tatu umekinai, cha nne itakukinaisha. Neno lile lile la kutosheka ndilo la kuchoshwa na utamu. Waliotuachia lugha hii waliona kwamba palipo na kutosheka pana mpaka, na mwenye kuuvuka haongezi raha.

Masufi wa zamani walibishana kuhusu ridhaa. Imamu Qushayri wa Nishapur, aliyefariki mwaka 1072, ameeleza kwamba watu wa Khurasani waliihesabu kuwa ni makamu, daraja ambayo mja huipanda kwa juhudi yake, na watu wa Iraki wakasema ni hali, kitu kinachoshuka moyoni bila ya kuchumwa. Yeye akawapatanisha: mwanzo wake huchumwa na mja, mwisho wake hutolewa. Sina elimu ya kuongeza hapo. Naweza kusema tu kwamba mimi niko kwenye ule mwanzo, na mwanzo ni kazi ngumu.

Mpwa wangu, mwana wa kaka yangu, alikuwa amekuja kutoka chuo kikuu Nairobi kwa ajili ya Maulidi. Nilipomsimulia maneno ya Bibi alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Shangazi, usinichukie. Mimi naona ridhaa ni dawa ya kuwalaza maskini. Mwenye nacho anamwambia asiye nacho aridhike, na yeye haridhiki mpaka leo."

Sikumchukia. Nilikaa na neno lake siku tatu, kwa sababu nimeyaona hayo kwa macho yangu. Nimewahi kumsikia mwajiri mmoja akimwambia kijana aliyedai mshahara wa miezi mitatu, "Ridhika na riziki yako." Yule bwana alikuwa akila haki ya mtu na kumtaja Mungu juu yake, na kama neno ridhaa lingekuwa na mdomo lingemshitaki siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kijana ana haki ya kuuliza. Nilimchukua twende wote kwa Bibi.

Bibi alimsikiliza vile vile. Akamwambia aufungue msahafu, Sura ya Baqara, aya ya 282. "Nisomee, macho yangu yamekwisha." Akasoma. Ni aya ndefu kuliko zote katika Qurani nzima, inajaza ukurasa. "Inasema nini?" Mpwa wangu akafasiri: mkikopeshana kwa muda maalumu, andikeni, mwandishi aandike kwa uadilifu, wekeni mashahidi, wala msichoke kuliandika deni, liwe dogo au kubwa.

"Basi," Bibi akasema. "Aya ndefu kuliko zote ni ya deni. Mola angetaka maskini anyamaze, angeandika yote hayo ya nini?" Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe uliandika?"

Sikuandika. Tulipeana maneno tu, kama tulivyozoea.

"Haya. Kosa la kwanza ni lako. Sasa nenda ukaitete haki yako, uwachukue na wazee. Lakini ukifika, angalia aya mbili nyuma ya hiyo." Na hiyo, ya 280, inasema kwamba mdaiwa akiwa na dhiki, basi angojewe mpaka afarijike.

Tulikwenda, mimi, kaka yangu na wazee wawili wa mtaa. Nilikuwa nimejitayarishia maneno makali, mengine sikuwahi kuyatamka maishani. Tulimkuta mchuuzi nyumbani kwake, akatuonyesha bila ya kuombwa: kofia saba kati ya zangu zimo kabatini, zimefungwa kwenye nailoni, mnunuzi wake wa ng'ambo hakuzichukua. Nilizitambua zote. Moja nilikuwa nimeishona wiki ambayo mwanangu alikuwa na malaria, na nakshi yake upande mmoja imepinda kidogo, mtu mwingine hawezi kuona. Maneno yangu makali sikuyapata tena. Wazee waliandika karatasi, tukatia sahihi sote: shilingi 5,000 kila mwezi, na mwezi atakaposhindwa aje aseme, asijifiche. Hajajificha. Amelipa miezi mitano. Zimebaki 16,500.

Ningekuwa sijaridhika, ningezitaka zote siku ile na pengine ningezipata, kwa kuuza kabati la mkewe. Ningekuwa nimelala ile ridhaa anayoisema mpwa wangu, nisingekwenda kabisa. Njia iliyo katikati ya hizo mbili ni nyembamba kama kichochoro chetu, na nadhani mtu hawezi kuipita bila ya kushikwa mkono na wengine.

Nilimkumbusha mpwa wangu jambo jingine pia, na hili yeye analijua kuliko mimi kwa sababu amelisoma. Bandari mpya ilipoanza kujengwa kule Kililana, wavuvi wa visiwa hivi waliona bahari yao inachimbwa na mikoko inakatwa. Wengi wao ni watu wa kikao cha Ratibu, wanaotoka baharini, wakakoga, wakaenda msikitini. Hawakusema tumeridhika wakakaa. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, baraza la mazingira likaifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichotakiwa kujengwa hapa, baada ya watu wa Lamu kukipinga kwa miaka. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021, na mambo ya wavuvi yamekuwa na safari ndefu. Ninachotaka kusema ni kwamba walioidai bahari ni watu ambao wangeshiba kwa kapu moja la samaki. Walikuwa hawataki zaidi ya kilichokuwa chao. Mtu asiyetaka zaidi ya haki yake ni vigumu kumnunua.

Na mji huu una ushahidi wa zamani kuliko huo. Habib Saleh, Sharifu Saleh bin Alawy Jamalilail, alikuja hapa kijana kutoka Ngazija, akakaa Langoni, upande wa wageni na wanyonge, si kule Mkomani kwa wakubwa na majumba yao ya mawe. Akawasomesha watu ambao mji ulikuwa hauoni haja ya kuwasomesha, watumwa na watoto wa watumwa wakiwa miongoni mwao, wakati ambapo utumwa katika nchi hii ulikuwa haujafutwa. Sheria ya kuufuta ilikuja 1907. Matwari, zile ngoma za mkono, yakaingia katika Maulidi, na wapo wanazuoni waliomlaumu kwa hilo. Msikiti wa Riyadha ukasimama mwanzoni mwa karne ya 20. Yeye aliondoka duniani mwaka 1935, na mpaka leo watu huja kutoka Komoro, Tanzania, Uganda na kwingineko kila Mfungo Sita, wanakwenda ziara kaburini kwake, kisha wanashuka na matwari mpaka ukingoni mwa bahari. Mtu huyu angeweza kukaa na wenye nacho akala vizuri. Aliridhika na Langoni, na kwa sababu aliridhika na Langoni, Langoni ikapata chuo.

Nyumba yangu haiko mbali na Riyadha, kwa hiyo Maulidi yakifika haiwi yangu. Mwaka huu nilipokea wanawake tisa kutoka Faza na Kizingitini, waliopanda mashua alfajiri na kufika Adhuhuri, nguo zao zimerowa chumvi. Nilikuwa na mchele wa watu watano. Sikumwambia mtu. Kabla ya Alasiri jirani wa kulia alikuwa ameleta sufuria ya mchuzi, wa kushoto mikeka miwili na mito, na msichana mmoja nisiyemjua mama yake aliacha ndoo ya maji mlangoni akakimbia.

Ile sinia ya jioni ndiyo nataka kuieleza. Tulikaa sita, tumeizunguka, magoti yanagusana. Pilau imelundikwa, nyama imewekwa juu katikati. Kila mmoja anakula upande wake, kama Mtume alivyomfundisha yule kijana ambaye mkono wake ulikuwa ukizunguka sinia nzima. Mkono unaingia, vidole vinakusanya wali, vinaubana, vinatoka. Ukitazama sinia katikati ya chakula utaona vishimo sita pembezoni, kila kimoja kinaelekea ndani, na nyama iko pale pale katikati, kama kisiwa. Hakuna aliyeigusa. Wote tulikuwa na njaa, wageni waliotoka baharini zaidi. Kisha bibi mmoja wa Faza, mikono yake imejaa mishipa, alichukua pande moja, akalichana kwa vidole vitatu bila ya kuangalia, uzi kwa uzi, akausukuma upande wa binti yangu. Kipande kingine upande wangu. Kingine kwa mwenzake. Upande wake hakuweka. Nikamwambia, "Bibi, na wewe kula." Akanijibu kwa Kifaza chake, "Sina ndaa sana, mwanangu. Hii yanitosha." Alikuwa ameshiba nini, nami nilimwona kwa macho yangu akishuka kwenye mashua?

Basi kila mmoja naye akawa anasukuma kwa mwenzake. Sinia iliondoka na nyama, ikapelekwa kwa watoto wa madrasa waliokuwa wakingoja barazani. Sita tulikula chakula cha watu wanne kikabakia. Mpwa wangu alisimama mlangoni akiwa na jagi la maji ya kunawa, ameona yote. Hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Neno "yanitosha" nimeanza kulisikiliza kila lisemwapo, kama fundi anavyosikiliza mashine yake. Tuna mchezo wetu, wanawake ishirini, shilingi 2,000 kwa mwezi, kila mwezi mmoja anapokea 40,000. Zamu hupigiwa kura ya vikaratasi. Mwaka jana aliyeokota namba moja alikuwa mama mmoja anayeuza mahamri. Alikikunjua kikaratasi, akakitazama, akakikunja tena, akampa jirani yake ambaye mwanawe alikuwa ameitwa sekondari na hana karo. "Mimi mwezi huu nina cha kunitosha. Nipe yako." Ya jirani ilikuwa namba kumi na saba. Alibadilisha mwezi wa kwanza kwa mwezi wa kumi na saba, mbele ya watu, kwa sauti ile ile anayouzia mahamri. Mchezo wa aina hii hauvunjiki, na nimeiona mingine mingi ikivunjika kwa sababu kila mtu anataka kuwa wa kwanza na akishapokea halipi.

Na maji pia. Maji yetu ya kunywa yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, mvua inanyesha, mchanga unaihifadhi, visima vinaitoa. Ni hazina moja na ina kina chake. Mtaani kwetu maji yakifunguliwa alfajiri, wenye matangi makubwa wakiyajaza yote, nyumba za mwisho wa bomba zinapata hewa. Mzee mmoja wa mtaa wa nyuma, akishajaza pipa lake, hufunga na kubisha mlango wa jirani: "Mimi tayari." Maneno mawili, kila alfajiri. Amefanya hivyo miaka, na siku hizi watu wanne watano katika kichochoro kile nao wanabisha milango. Hakuna mkutano ulioitwa wala kibao kilichobandikwa. Mpwa wangu angeweza kuiandikia tasnifu, na nimemwambia hivyo.

Siwezi kudai kwamba moyo wangu umetulia. Nikipita dukani nikaona kofia ya mashine ya shilingi mia tatu imening'inizwa, nahisi kitu kifuani. Nikiona jirani anaongeza ghorofa, nahesabu kofia. Lakini Ratibu ikisomwa siku hizi naweka sindano, na wakifika pale pa mara tatu nasema nao. Siku ambayo ya kwanza haitoki, najaribu ya pili.

Mwezi ujao zamu ya mchezo ni yangu. Shilingi 40,000, na nimekwishazipangia: uzi wa hariri, nguo, miwani mipya ambayo daktari ameniandikia tangu Machi. Jana mwenye namba kumi na tisa alinipitia barazani. Paa lake la makuti limeoza upande wa kibla, na mvua za masika zimekaribia. Hakuniomba. Alikaa, akanywa kahawa, akaisifu kofia niliyonayo mkononi, akaondoka. Kura ya kubadilisha hufungwa Jumapili. Bado sijamwambia mweka hazina kitu.